Nusu ya Kishada

Karatasi yenyewe ilikuwa ya daftari la hesabu, ile yenye vyumba vidogo vya sentimeta moja moja, na Bi Mkasi aliikata kama anavyokata kila kitu: aliikunja kwanza. Mkunjo mmoja katikati, mkasi ukapanda kwa hanamu, ukageuka, ukashuka kwa hanamu nyingine, kwisha. Hata chai yake haikupata muda wa kupoa.

"Shika," alimwambia dada yake. "Kishada chako hicho. Mwambie mwalimu wako wanafunzi siwatozi."

Dada yake alikuwa na miaka sitini na mmoja na miezi mitatu ya shule. Aliacha masomo akiwa binti, akalea wadogo zake, akalea wanawe, akalea na wana wa wadogo zake, na walipokwisha wote kuota ndevu akaenda kujiandikisha darasa la watu wazima. Mtaa mzima ukambatiza Profesa. Yeye mwenyewe aliitika bila haya, na siku hizi alikuwa akija kila asubuhi kwenye karakana ya mdogo wake, anasogeza mikato ya turubai pembeni mwa meza, anavaa miwani, anaanza kazi zake za shule huku akitoa maoni juu ya kazi za wengine.

Kazi ya wiki hii ilikuwa moja. Kila mwanafunzi achukue umbo kutoka kwenye maisha yake, alipime, atafute eneo lake. Mmoja alichagua mlango wake, mwingine kitanda. Profesa hakutaka vitu vya pembe nne zinazofanana kama sabuni. Akachagua turubai la kivuli ambalo mdogo wake alilishonea kliniki ya watoto, mitaa mitatu kutoka hapo. Hilo lilikuwa na umbo la kishada, kile wanachorusha watoto kwa uzi: pembe nne, upande mmoja umechongoka, upande wa pili butu. Urefu wa kona kwa kona mita nane. Upana wa kona kwa kona mita sita. Kwenye karatasi, kila mita ikawa sentimeta moja.

Profesa akakikunjua kile kikaratasi, akalamba ncha ya penseli, akaanza kuhesabu vyumba.

"Unahesabu mpaka lini?" Bi Mkasi alimuuliza, huku akitia uzi kwenye cherehani. "Jibu ninalo kwenye daftari. Kumi na mbili."

"Vyumba vizima naviwekea nukta. Vilivyokatwa naviunganisha vipande kwa vipande. Mwalimu kasema tusiamini kanuni mpaka tuione kwa macho."

"Basi ukiiona, utaiona kumi na mbili."

Penseli ikaenda. Tik, tik, tik. Bi Mkasi alipiga pindo la mita mbili, akakata uzi kwa meno, penseli bado inatembea.

"Ishirini na nne," Profesa alisema.

"Umehesabu na meza."

"Ishirini na nne, mdogo wangu. Mwaka huu nimeng'oa meno mawili, macho bado ninayo."

Bi Mkasi akacheka, akasimama, akaja na daftari lake lenye jalada la mafuta ya cherehani. Miaka ishirini na miwili ya kukata maturubai ilikuwa humo: vifuniko vya malori, mapazia ya maghala, mahema. Akafungua ukurasa wa kliniki, akaugonga kwa kidole.

"Si wewe uliyenifundisha? Mstari mrefu wa kona kwa kona, zidisha kwa mstari mfupi wa kona kwa kona, halafu gawa kwa mbili. Sasa tazama. Nane mara tatu, ishirini na nne. Gawa kwa mbili. Kumi na mbili. Mwanafunzi kampita mwalimu, kubali tu."

Profesa akainamia ukurasa. Akasogeza miwani.

"Tatu imetoka wapi?"

"Tatu ndiyo upana."

"Upana si sita?"

"Sita ukikunjua! Dada jamani, nani anapima kitambaa kilichokunjuliwa? Unakunja kati, unapima kutoka kwenye mkunjo mpaka kwenye kona. Tatu. Ukikata, pande mbili zinatoka sawa kama mapacha. Hata bibi aliyenifundisha kushika mkasi alipima hivyo."

Profesa alikichukua kile kikaratasi, akakikunja pale pale kilipokunjwa mwanzo, kikabaki pembetatu. Akaweka kidole juu yake.

"Hiki ni kumi na mbili," alisema. Akakikunjua. "Na hiki?"

Bi Mkasi alitazama.

"Sasa niambie, wale akina mama pale kliniki," Profesa akaendelea, na sauti yake haikuwa na utani tena, "wanakaa chini ya kilichokunjwa au kilichokunjuliwa?"

Kijasho chembamba kikamtoka Bi Mkasi kwapani na kushuka ubavuni. Mtu wa nje angesema, kuna nini hapo? Turubai lilikwisha kukatwa, likashonwa, likapigwa matundu ya chuma, likatundikwa, likaenea sawasawa kwenye nguzo zake nne. Na ni kweli, kitambaa hakikuwa na kosa hata la upana wa ukucha. Mikono yake haijawahi kukosea. Kilichokosea ni kalamu. Na namba ya kalamu haikubaki kwenye daftari. Ilitoka ikaenda kwa Cheche.

Cheche ndiye fundi wa kuchomelea aliyesimamisha nguzo. Zamani alikuwa akikadiria kwa macho, mpaka siku nguzo yake moja ya bango ilipolala juu ya paa la kioski, mwenye kioski akiwa ameenda kutafuta chenji, bahati yake. Tangu siku hiyo Cheche hakadirii. "Upepo haujui sura ya mtu," anasema. "Nipe mita za mraba, mengine niachie." Kila mita ya mraba ya kitambaa, ndoo mbili za zege chini ya nguzo. Ndivyo alivyojiwekea, na tangu hapo hakuna kilicholala.

Bi Mkasi akachukua simu. Kidole kiligusa jina la mtu mwingine mara mbili kabla ya kumpata Cheche.

"Mama wa mikasi!" Cheche alipokea kwa kelele, nyuma yake mashine inakoroma. "Leo mapema!"

"Zile nguzo za kliniki. Uliweka zege ndoo ngapi?"

"Kama ulivyoniandikia. Mita kumi na mbili, ndoo ishirini na nne. Sita sita kila nguzo. Kwani wanataka kulipunguza?"

"Ni mita ishirini na nne, Cheche."

"Ndoo ishirini na nne, ndiyo."

"Mita. Mita ndizo ishirini na nne."

Mashine ikazimwa. Bi Mkasi alisikia Cheche akivuta pumzi kama mtu aliyetumbukiza mguu kwenye maji baridi.

"Basi zimeshikwa na nusu," alisema polepole.

"Nusu."

"Zimesimama siku ngapi sasa?"

"Tisa."

"Siku tisa si haba," Cheche alisema, kisha yeye na Bi Mkasi wote wawili wakakumbuka kitu kimoja. Siku hizo tisa hazikuwa na upepo. Mtaa mzima ulikuwa ukilalamika joto, majani hayatikisiki, nguo kwenye kamba zinakauka zikiwa zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Bi Mkasi akatazama sakafuni. Ncha za uzi zilizoanguka chini ya cherehani tangu asubuhi hazikuwa pale. Zilikuwa zimejikusanya ukutani kama mende walioshtuliwa. Pazia la nailoni mlangoni likainuka kidogo, likashuka, likainuka tena, safari hii likakawia huko juu.

"Leo Jumatano," alisema Profesa nyuma yake.

Jumatano ni siku ya kupima watoto uzito.

Alimpigia Sista, muuguzi mkuu wa kliniki. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Sista ana desturi yake: siku ya mizani simu inalala kwenye droo pamoja na mhuri, maana akina mama wanasema hasikilizi vizuri akiwa anaongea na wawili. Bi Mkasi akachomoa mkasi mkubwa kwenye meza, ule wa mpini mweusi, bila kujua kwa nini anauchukua, akatoka.

"Nitakuja nyuma!" Profesa alipaza sauti. "Goti langu hilo! Nenda!"

Bi Mkasi wa miaka hamsini na minne hakimbii. Anatembea kwa hatua za mtu anayejulikana. Lakini siku hiyo watu wa mtaa waliona sketi ikienda mbio na mkasi mkononi, wakafungua njia kwanza, maswali baadaye. "Kuna nini?" fundi viatu aliuliza. "Kamfumania nani?" akauliza muuza maji. Yeye hakusikia. Kichwani alikuwa akihesabu, na hesabu haikutaka kubadilika. Sita mahali pa kumi na mbili. Sita mahali pa kumi na mbili. Akajaribu kujifariji: labda Cheche alimwagia ndoo ya ziada, mafundi humwagia. Akakumbuka Cheche ni mchoyo wa saruji. Akajifariji tena: labda udongo wa pale ni mgumu. Akakumbuka walivyochimba mashimo kwa nusu saa huku wakisifia udongo ulivyo laini.

Kwenye kona ya mwisho upepo ulimpiga usoni, na pamoja nao sauti. Kwanza ilikuwa kama mtu anakung'uta shuka. Kisha kama mtu anapiga mlango.

Turubai lilikuwa zuri, hilo lazima lisemwe. Samawati, limevutwa likawa halina mkunjo hata mmoja, pembe mbili za mbali zimepanda juu, pembe mbili za ubavuni zimeshuka, hivyo ukilitazama kutoka barabarani ungedhani linataka kuondoka. Wiki nzima Bi Mkasi alikuwa akipita njia hiyo hata pasipo safari, kulitazama tu. Sasa upepo ulikuwa unaingia chini yake, unalijaza, linavimba, nguzo zote nne zinalia kidogo kwenye kulabu zake. Kisha linashuka, kimya, linavimba tena.

Chini yake walikaa akina mama kama thelathini kwenye mabenchi, kila mmoja na mzigo wake mapajani. Na Sista, ambaye kwa miaka mingi alipimia watoto kwenye tawi lililopinda, alikuwa ameona kulabu nzuri imekaa bure kwenye nguzo fupi ya ubavuni. Akatundika mizani yake hapo. Mtoto mmoja alikuwa ananing'inia ndani ya mfuko wa kupimia, miguu miwili minene nje ya matundu yake, anatazama dunia bila wasiwasi wowote.

Bi Mkasi akatazama chini ya nguzo ile.

Pale zege lilipokutana na udongo palikuwa na ufa mwembamba, umezunguka kama pete. Upepo ulipovuta, ufa ukafunguka, kidole kingeingia. Upepo ulipolegea, ukafumba. Funguka. Fumba. Nguzo ilikuwa inapumua.

Cheche alifika kwa pikipiki, kofia ya kuchomelea bado imekaa kichwani kama sufuria. Akaona alichokiona mwenzake.

"Tusiwatishe," alinong'ona. "Wakitishika watakanyagana, na hao wana watoto. Sema tunakaza kamba."

Na Bi Mkasi, ambaye mtaani husemwa kwamba mkasi wake haujui kukosea, ambaye hata wapinzani wake humpelekea kitambaa cha ghali wakiogopa kukikata wenyewe, alishukuru mno kupewa uongo mdogo wa kushika mkononi.

"Sista," alisema akitabasamu, "tunaomba nafasi kidogo. Tunataka kukaza kamba."

"Kazeni," Sista alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kadi. "Kilo saba na nusu. Mama, unamlisha nini huyu, matofali?"

"Tunaomba watu watoke chini kwanza."

"Fundi, nimebakiza kumi na saba. Njoo saa nane."

"Ni dakika chache tu."

"Watoke waende wapi?" Mama mmoja kijana aligeuka, mtoto titini. "Huko juani? Mwezi uliopita nilikaa juani hapa mpaka mtoto akaiva. Leo tumepata kivuli, mtu anataka kukikaza. Kaza tukiwa humu humu, hatutakuzuia."

"Kimekazika vizuri tu," mwingine alisema, akipiga nguzo kwa kiganja. "Sikia kinavyolia!"

Wakacheka. Turubai likavimba. Nguzo ikapumua, na safari hii Bi Mkasi aliona zege lenyewe, kijivu, likichungulia nje ya udongo kabla ya kurudi. Chembe za mchanga zikadondoka ufani na hazikurudi juu.

"Naomba mtoke," alisema tena.

"Kwani kuna nini?" Hapo ndipo Sista alipoinua macho. "Fundi, mbona umeshika mkasi?"

Maneno yalikuwa mawili tu. Bi Mkasi aliwahi kuchomwa na sindano ya cherehani ikatokea upande wa pili wa kidole na hakulia; aliwahi kuibiwa mashine zote mbili usiku mmoja akaanza upya na mkasi huu huu; na hakuna hata moja ya siku hizo iliyokuwa na uzito wa maneno haya mawili. Cheche akamtazama. "Niseme ni mimi?" alinong'ona. "Mimi jina langu limeshaangukia kioski, halina cha kupoteza."

Mtoto kwenye mizani akapiga chafya.

Bi Mkasi akapanda juu ya benchi.

"Nimekosea hesabu," alisema.

Watu walio karibu wakageuka. Walio mbali wakauliza walio karibu, kasemaje, kasemaje.

"Nimekosea hesabu!" Sasa alipaza sauti. "Mimi, si huyu. Nilipima turubai likiwa limekunjwa. Nguzo zimewekewa zege nusu ya linalotakiwa. Upepo huu ukizidi, zitang'oka. Tazameni chini hapo! Tazameni nguzo!"

Bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu mgongoni akainama, akatazama ufa ukifunguka na kufumba.

"Umekosea kwa nusu?" aliuliza.

"Kwa nusu, mama."

"Hiyo siyo kukosea, mwanangu, hiyo ni kuacha kazi," bibi alisema, na alikuwa wa kwanza kusimama. "Haya, nyanyukeni! Mmeambiwa na mwenye kazi yake, mnangoja kuambiwa na nguzo? Wewe mwenye mapacha, nipe mmoja!"

Hakuna aliyekanyagwa. Akina mama wanajua kuhama na watoto kuliko jeshi linavyojua kuhama na bunduki. Benchi baada ya benchi lilimwagika kuelekea ukutani, mikoba, khanga, chupa za maji, kadi mdomoni. Cheche alikuwa tayari kwenye nguzo fupi ya upande wa pili na spana yake, akijaribu kulegeza skrubu ya kukazia. Ghafla akasimama, akajipiga paji la uso.

"Nimezichomelea!"

"Nini?"

"Nati! Nilizichomelea zote, wezi wasizifungue. Ulinisifu!"

Ni kweli, alimsifu. Bi Mkasi akautazama mkasi mkononi mwake, na sasa akajua kwa nini aliuchukua.

"Kona mbili fupi tu," alisema. "Zikiachia hizo, upepo hauna tumbo la kujaza."

Alipogeuka akakuta Sista na mama wa yule mtoto bado wako chini ya nguzo ya mizani. Mtoto walikuwa wamemkumbatia, lakini mkanda wa mfuko ulikuwa umejibana kwenye kulabu, na kila upepo unapovuta kulabu inazidi kuubana. Mama alivuta. Sista alivuta. Mtoto, kwa mara ya kwanza, akaona kuna jambo, akaanza kulia.

Upepo ukaja. Haukuja kama ule wa kwanza. Huu uliinua vumbi la barabara nzima, ukaleta mfuko wa plastiki, ukaleta kofia ya mtu, ukaingia chini ya samawati ile na kuijaza mpaka ikawa ngumu kama ubao. Nguzo ikapanda. Zege likatoka nje kiasi cha kiganja, likasimama hapo.

Bi Mkasi hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Alikumbuka mkasi ukiuma mkanda wa mfuko, krach, na mama akianguka nyuma juu ya makalio yake na mtoto kifuani, na Sista akimburuta kwa kola ya gauni.

"Mfuko wangu!" Sista alipiga kelele huku akiburuta.

"Nitakushonea kumi! Ondokeni!"

Akapanda kwenye benchi. Ukanda wa kona ulikuwa wa nailoni, ameushona mwenyewe mara nne kwenda na kurudi, mkasi ukauma ukateleza. Aliushona usikatike, na haukukatika. Basi akapeleka mkasi nyuma yake, kwenye kitambaa chenyewe, pale kilipokuwa kizuri kuliko kote, akausukuma.

Kitambaa kilichovutwa kikiguswa na mkasi kinamalizia chenyewe. Kilichanika kwa mlio wa kumtoa mtu meno, kona ikaruka juu, na ncha yake ikampiga Bi Mkasi sikioni kama kofi la mzazi. Nguzo ikarudi chini, ikakosa shimo lake, ikalala upande.

"Ya pili!" Cheche alimdaka kiuno kabla hajaanguka, wakakimbia wote wawili, mabega yameinama, turubai likipiga hewani juu ya vichwa vyao. Cheche akapiga goti, akampandisha begani. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, begani mwa fundi chuma, mbele ya kliniki nzima. Akakata. Kile chote cha samawati kikapeperuka kwenye pembe zake mbili za mbali, kikawa bendera ndefu, kikapigapiga, kikatulia, kikapigapiga tena. Hakikuvuta kitu.

Bi Mkasi akashuka. Akakaa chini mavumbini. Alijitahidi kutia mkasi mfukoni mara tatu na mara zote tatu akakosa mfuko.

Nguzo ile fupi ilikuwa imelalia benchi lililokuwa na watu sita. Mizani bado ilining'inia kwenye kulabu, sindano yake ikicheza juu ya sifuri.

Akina mama walikuwa wamejipanga kwenye kivuli chembamba cha ukuta, migongo imegusa matofali, kila mmoja ameshika mtoto, na si lazima awe wake. Kisha yule mama kijana aliyelalamikia jua akaja, akasimama mbele ya Bi Mkasi. Bi Mkasi akangoja kutukanwa. Aliona ni haki yake.

"Kaa kivulini, shangazi," alisema. "Utaiva."

Sista alirudi na kitambaa cha maji, akamkandamiza sikio.

"Litarudi?" aliuliza.

"Keshokutwa. Ndoo arobaini na nane. Nitazihesabu mimi mwenyewe zikiingia, na mizani hutundiki tena."

"Sitatundika."

"Na uandike ripoti wewe mwenyewe, Sista, ya kilichotokea. Uiweke kwenye faili. Usiseme ni upepo."

Sista akamtazama kidogo. "Nitaandika ulichosema pale kwenye benchi," alijibu.

Hapo ndipo Profesa alipofika, anachechemea, madaftari mawili kwapani, lake na la mdogo wake, miwani imepanda paji la uso. Akatazama nguzo iliyolala. Akatazama mabenchi. Midomo yake ilihesabu akina mama, mmoja mmoja, tik, tik, tik, mpaka mwisho wa ukuta. Akashusha pumzi, akaketi mavumbini kando ya mdogo wake, goti limenyooka mbele.

"Wote wapo," alisema.

"Wote."

"Mwalimu ataninyima maksi. Umbo langu limekatwa kona."

Bi Mkasi akajaribu kucheka, kikatoka kitu kingine, akajifuta pua kwa kiganja. Cheche akachuchumaa mbele yao, akatoa kofia yake ya chuma, jasho likamtiririka.

"Kosa limekwisha kuonekana, watu salama," alisema. "Mshukuruni Mungu. Kishada kimoja tu katika maisha yako yote, mama, nacho umekikamata."

Bi Mkasi aliacha kujifuta.

Profesa aliliona hilo. Alilifungua daftari lenye jalada la mafuta, akarudi nyuma kurasa, moja, mbili, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Kanuni ile alikuwa amemfundisha mdogo wake mwezi mmoja uliopita, hapo kwenye meza ya kukatia, kwa furaha tele. Tangu hapo Bi Mkasi alikata maturubai manane. Sita yalikuwa mstatili, mawili vishada, na nguzo za kishada cha pili alizisimamisha fundi mwingine kwa namba ya daftari hilo hilo.

"Hiki cha gereji," Profesa alisema kwa sauti ndogo. "Mita kumi urefu. Upana umeandika nne."

Upepo ulipita tena barabarani, ukaokota vumbi, ukalipeleka upande ule ule wa gereji.

"Nne ya kukunja," Bi Mkasi alisema, "au ya kukunjua?"

Alikuwa anajiuliza mwenyewe, na jibu alikuwa nalo. Alilikumbuka turubai lile, la kijani, limelala sakafuni limekunjwa kati, na yeye amepiga magoti kwenye mkunjo, futi mkononi. Chini yake sasa wangekuwa mafundi wamelala chali chini ya magari, hawaoni juu.

Cheche alikwisha kupiga pikipiki teke. Bi Mkasi akasimama, akapanda nyuma yake, simu sikioni, kwenye lile sikio zima. Ikaita. Ikaita.

"Karibu gereji," sauti ikaitika.

"Nimekosea hesabu," alisema Bi Mkasi. "Mimi ni fundi turubai. Watoe watu wako chini ya kivuli sasa hivi, halafu ndiyo uniulize."